PKA na CREB: jeni ikishawashwa, nani anaizima?

Habari zenu wote, wanafunzi, walimu wangu mliokaa hapo mbele, na nyie mnaofuatilia kwenye simu. Nimeombwa niongelee kinasi, yaani vile vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuchukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine, na hasa zile kinasi ambazo mkono wake unafika mpaka kwenye jeni. Sasa binadamu ana kinasi nyingi mno, hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilifika 518, nikisema nizipitie hatutoki hapa leo, kwa hiyo nachukua moja tu, PKA, yaani protini kinasi A, pamoja na mwenzake anayeitwa CREB, ambayo ni protini inayokaa juu ya DNA na kuchangia kuamua jeni fulani isomwe au isisomwe.

Na niseme mapema ninachotaka mkipate. Vitabuni tunafundishwa mstari mmoja mnyoofu, homoni inagusa seli, cAMP, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapanda, PKA inaamka, CREB inabandikwa fosfeti, jeni inawaka, basi. Mtihani ukija unachora mishale yako minne unapata maksi zote. Mimi sina ugomvi na hiyo mishale, ni ya kweli yote, ila imeacha nusu ya kazi nje, na nusu hiyo ndo inayoleta magonjwa ikiharibika. Ukiichunguza PKA kwa karibu unakuta sehemu kubwa ya ufundi wa seli umewekwa kwenye kuzima, tena kuzima kwa wakati wake, na kwenye kuhakikisha fosfeti ileile inaleta jambo moja kwenye ini na jambo lingine kabisa kwenye ubongo.

Turudi nyuma kidogo ili muone hii kitu ilianzaje, maana ilianza kwenye sukari wala siyo kwenye jeni. Mwaka 1955 Edwin Krebs na Edmond Fischer, kule Seattle, University of Washington, walikuwa wanashughulika na kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini. Kilikuwa na hali mbili, moja kinafanya kazi, nyingine kimelala, na swali likawa nini kinakitoa huku kukipeleka kule. Wakakuta ni fosfeti. Ikibandikwa kinaamka, ikitolewa kinalala. Leo tunaliona jambo la kawaida kwa sababu tumeshalikuta kila mahali mwilini, lakini kipindi kile lilionekana ni mambo ya kimeng'enya kimoja cha misuli tu, na Nobel yao imekuja 1992, zaidi ya miaka 30 baadaye. Fischer mwenyewe aliishi mpaka 2021, kafariki akiwa na miaka 101, kwa hiyo kaiona fani yote ikikua kutoka kwenye hicho kimeng'enya kimoja.

Wakati huohuo Earl Sutherland alikuwa na swali lake: adrenalini na glukagoni zinaliambiaje ini liachie sukari, wakati homoni zenyewe zinaishia nje kwenye utando wa seli? Alichokikuta ni molekuli ndogo inayotengenezwa ndani pale homoni inapokamata kipokezi kwa nje, ndo hii tunaita cAMP, akapewa Nobel 1971. Ikabaki kujua cAMP inamgusa nani. Mwaka 1968 Walsh, Perkins na Krebs yuleyule wakatoa kwenye misuli ya sungura kinasi inayoamshwa na cAMP, na hapo PKA ikaingia kwenye vitabu. Mpaka hapo hamna mtu anayeongelea jeni, wote wapo kwenye sukari.

Sasa tuiangalie PKA yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo maana ni sehemu ninayoipenda. Ikiwa imelala PKA ni kifurushi cha protini nne, mbili zinaitwa C, hizo ndo kinasi yenyewe, na mbili zinaitwa R, hizo ndo zinazoishikilia C isifanye kitu. C ina kipango kidogo ambamo inaingiza kipande cha protini inayotaka kuibandika, na haichukui kipande chochote tu, inapenda sana ikute arginini mbili zimefuatana, kisha asidi amino yoyote moja, kisha serini au threonini, na fosfeti inaenda pale kwenye serini au threonini. Sasa R inafanyaje kuizuia? R ya aina ya RI-alfa ina kipande kinachofanana kabisa na chakula cha C, arginini mbili zipo, nafasi ni zilezile, kinaingia kwenye kipango kinakaa sawasawa, ila pale palipotakiwa kuwa na serini pana alanini, na alanini haina mahali pa kubandikia fosfeti. Ni kama ufunguo umeingia kwenye kufuli ila hauzunguki, na ukiwa umo humo ufunguo mwingine haupiti.

Kila R ina nafasi mbili za kukamata cAMP, kwa hiyo kifurushi kizima kina nafasi nne. cAMP ikiongezeka nafasi zinajaa, R inabadilika umbo, inaiachia C, na C ikiwa huru inaanza kazi. Umbo la C lilionekana atomu kwa atomu mwaka 1991 kwa kupiga eksirei fuwele zake, kwenye maabara ya Susan Taylor, University of California San Diego, na ilikuwa kinasi ya kwanza kabisa kuonekana hivyo, kinasi nyingi zilizokuja baadaye zimelinganishwa na hiyo. Ila nataka muone kitu kimoja kabla hatujasonga. Kizuizi hakiletwi baadaye kama dharura. C kwa asili yake iko tayari kufanya kazi muda wote, na hali ya kawaida ya seli ni kuishikilia. Kuamka kwa PKA maana yake ni kuondolewa mkono uliokuwa umeishika, hakuna nguvu mpya iliyoongezwa. Mkishika hilo, magonjwa ntakayowaeleza mbele hayatawasumbua kuyaelewa.

Haya, jeni zinaingiaje. Katikati ya miaka ya 1980 watu walishajua cAMP ikipanda jeni fulani zinaanza kusomwa sana, ila hamna aliyejua njia. Mwaka 1986 Marc Montminy na wenzake wakawa wanaangalia jeni ya homoni ya somatostatini, wakakata kata DNA iliyo mbele ya jeni mpaka wakafikia kipande kifupi ambacho ukikitoa cAMP haifanyi kitu tena. Herufi nane tu: TGACGTCA. Ukizisoma kwenye uzi wa pili wa DNA kwa upande wake zinatoka hivyohivyo. Mwaka uliofuata, 1987, wakaipata protini inayokalia herufi hizo, ndo CREB, na 1989 Gonzalez na Montminy wakaonyesha mahali PKA inapoibandika fosfeti, serini ya 133. Tazameni mlolongo unaoizunguka: arginini, arginini, prolini, serini, tairosini. Arginini mbili, kitu kimoja katikati, serini. Ni chakula cha PKA kabisa. Na wakiitoa hiyo serini moja wakaweka alanini, CREB inabaki nzima, inashika DNA vizuri, lakini cAMP ikipanda haifanyi lolote. Protini yenye asidi amino zaidi ya 300, na amri yote imepita kwenye moja.

Sasa hapa wengi wanajaza wenyewe kwamba fosfeti inaifanya CREB iruke ikashike DNA. Kwa sehemu kubwa siyo hivyo. CREB nyingi huwa tayari iko kwenye kiini cha seli, na kwenye jeni nyingi imeshakaa juu ya DNA hata kabla homoni haijafika. Fosfeti inachofanya ni kutengeneza mahali pa mtu wa tatu kushika. Mwaka 1993 akapatikana, protini kubwa yenye asidi amino zaidi ya 2400, ikaitwa CBP, na inaishika CREB vizuri pale tu serini 133 ikiwa na fosfeti. Kile kipande cha CREB chenye serini 133 kikiwa peke yake hakina umbo maalumu, kinaning'inia tu kinacheza cheza, kikikutana na CBP huku kina fosfeti ndo kinajikunja na kushika umbo palepale, hilo lilionekana 1997. CBP nayo ikishafika inalegeza DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni na kusaidia kuleta mashine ya kunakili RNA. Kwa hiyo jeni inasomwa kwa sababu CBP imefika, na CBP imefika kwa sababu kuna fosfeti.

Na CBP siyo kitu cha ziada. Mtu akizaliwa na nakala moja tu nzima ya jeni yake badala ya mbili anaweza kupata ugonjwa wa Rubinstein-Taybi, vidole gumba vipana, ukuaji wa taratibu, ulemavu wa akili, na chanzo hicho kilijulikana 1995. Nakala moja ipo, inafanya kazi, na bado haitoshi.

Sasa tuje kwenye kuzima. Chukua seli kwenye maabara, ziweke forskolini, dawa inayotoka kwenye mizizi ya mmea, ambayo inapandisha cAMP moja kwa moja bila kuhitaji homoni. C inaachiwa huko nje ya kiini ndani ya dakika chache, halafu inabidi isafiri mpaka ndani ya kiini, na safari hiyo ni ya polepole, ndo maana fosfeti kwenye CREB inafika kilele karibu na nusu saa. Baada ya hapo inaanza kushuka. Na sikilizeni vizuri, inashuka hata kama forskolini bado ipo na cAMP bado iko juu! Baada ya saa chache CREB nyingi imeshavuliwa fosfeti. Mwanafunzi anayepima mara moja tu, saa nne baada ya kuweka dawa, ataandika kwamba PKA haiigusi CREB kwenye seli zake, na atakuwa amekosa tukio zima.

Nani anaizima? Wako wengi, na kila mmoja anakata mahali pake. Kuna fosfatasi, vimeng'enya vinavyotoa fosfeti, na ile inayoitwa PP1 ilionyeshwa 1992 kwamba ndo inaivua CREB. Kuna PKI, protini ndogo inayoingia kwenye kiini, inaikamata C kwa ujanja uleule wa alanini niliowaonyesha kwa R, alafu inaitoa nje ya kiini kabisa. Kuna fosfodiesterasi, familia 11 kwa binadamu, hizi zinaivunja cAMP yenyewe, na baadhi ya zile za familia ya nne zikibandikwa fosfeti na PKA zinaongeza kasi, maana yake PKA ikiamka tu inaanza kuharibu kitu kilichoiamsha. Na kuna moja inayonifurahisha kuliko zote. Jeni mojawapo inayowashwa na CREB inatengeneza protini fupi inayoitwa ICER, Paolo Sassone-Corsi na wenzake waliieleza 1993, na ICER inaenda kukaa kwenye zilezile herufi nane ila yenyewe haina sehemu ya kuamsha, inaziba tu. Yaani CREB inawasha jeni ya mtu atakayekuja kuizibia nafasi, na ICER ikishaongezeka inaziba hata jeni yake yenyewe, ikipungua nafasi inafunguka upya. Mimi nikiona mpangilio kama huu siwezi kukubali kuzima kuitwa maelezo ya pembeni.

Mnataka kuona kuzima kuna maana gani kwa mnyama mzima? Twende kwenye kumbukumbu. Eric Kandel, aliyepata Nobel 2000, alifanya kazi na koa wa baharini anayeitwa Aplysia, kwa sababu neva zake ni kubwa na chache ukilinganisha na zetu. Ukiipa neva serotonini mara moja, mawasiliano kati ya neva mbili yanaimarika kwa dakika kadhaa kisha yanarudi. Ukiipa mara tano kwa kupumzika katikati, yanaimarika zaidi ya siku nzima. Tofauti iko wapi? Mara moja, PKA inafanya kazi palepale kwenye ncha za neva na kuisha. Ikirudiwa, C inafika mpaka kwenye kiini. Mwaka 1990 kundi la Kandel likachoma ndani ya kiini vipande vingi vya DNA vyenye herufi za CREB, CREB ikang'ang'ania vipande hivyo ikaziacha jeni, na athari ya muda mrefu ikapotea huku ile ya muda mfupi ikibaki salama. Mwaka 1994 panya waliopunguziwa CREB nao wakaonyesha jambo linaloendana na hilo, wanajifunza, dakika chache baadaye wanakumbuka, kesho yake wamesahau.

Hayo wengi mnayajua. Kitu ambacho hakisemwi sana ni jaribio la 1995. Kwenye neva hizohizo za Aplysia kuna protini nyingine, ndugu wa CREB, ambayo inazuia, inaitwa CREB2. Wakaiziba kwa kuchoma kingamwili zake, kisha wakatoa serotonini mara moja tu, siyo tano. Athari ikadumu zaidi ya siku! Kwa hiyo neva ilikuwa na uwezo wa kutunza jambo kwa muda mrefu tangu mwanzo, kilichokuwa kinaizuia ni kizuizi kilichowekwa makusudi, ili siyo kila kitu kinachopita kiandikwe. Marudio yanafanya kazi mbili, yanaleta PKA na yanaondoa kizuizi.

Kuna jambo la pili nililoahidi, la fosfeti moja kuleta mambo tofauti. Serini 133 haibandikwi na PKA peke yake. Inabandikwa na kinasi nyingine, CaMKIV, kalisi ikipanda, inabandikwa na RSK na MSK pale seli inapopata ujumbe wa kukua au wa msukosuko, na nyingine zipo. Wote hawa wanaacha alama ileile mahali palepale. Sasa kama fosfeti ndo amri kamili, basi glukagoni na ujumbe wa kukua zingewasha jeni zilezile, na haziwashi zilezile. Na siyo kila fosfeti inawasha: serini ya 142, hatua tisa tu kutoka 133, nayo inabandikwa na kinasi nyingine ya kalisi, CaMKII, na hiyo inaivuruga CREB isiamke, ilionyeshwa 1994. Umbali wa asidi amino tisa, maana imegeuka. Kwa hiyo mtu akiniambia tu kwamba protini fulani "imepata fosfeti", namuuliza wapi, na nani yuko karibu.

Huyo wa karibu alianza kujulikana 2003, protini za CRTC, na ini linaonyesha kazi yake vizuri. Mtu akiwa hajala muda mrefu glukagoni inapanda, PKA kwenye ini inaamka, inaibandika CREB fosfeti kama kawaida. Lakini wakati huohuo kuna CRTC2, ambayo kwa kawaida inafungiwa nje ya kiini kwa sababu kinasi nyingine, SIK, imeibandika fosfeti na protini za 14-3-3 zinaishikilia kwa hiyo fosfeti. PKA inaizima SIK. Fosfatasi inayoitwa kalsinurini inaivua CRTC2, CRTC2 inaingia kwenye kiini, inakaa na CREB, na hapo jeni za kutengeneza glukosi mpya zinasomwa kwa nguvu. Ukila, insulini inaipa SIK kazi tena, CRTC2 inabandikwa inatolewa nje, ini linapunguza kutengeneza sukari. Mmeiona hiyo? Kwenye CREB fosfeti inawasha, kwenye CRTC2 fosfeti inazima, na PKA inacheza pande zote mbili, inabandika mmoja huku inamzuia anayembandika mwingine. Ujumbe wa kukua unaoibandika CREB bila kuileta CRTC2 hauwezi kupata matokeo hayohayo.

Sasa magonjwa, na hapa nitapunguza majina ya protini. Kipindupindu ndo mfano mkali kuliko yote. Sumu ya yule bakteria inaingia kwenye seli za utumbo na kubandika kitu kwenye protini inayopeleka ujumbe wa kutengeneza cAMP, ile protini inapoteza uwezo wa kujizima yenyewe. Haijaongezewa nguvu hata kidogo, imenyimwa kuzima tu. cAMP inapanda na kubaki juu, PKA inaibandika fosfeti mirija ya kloridi kwenye utando wa seli, kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu na maji yanafuata, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa. Jeni hapa hazihusiki sana, mambo yanaenda haraka mno, ila kinasi ni hiyohiyo na kosa ni hilohilo. Maji ya chumvi na sukari yanaokoa kwa sababu mlango unaoingiza sodiamu pamoja na glukosi unaendelea kufanya kazi, sumu haijaugusa.

Alafu kuna ugonjwa wa Carney, nadra, madoa kwenye ngozi, uvimbe ndani ya moyo, uvimbe kwenye tezi. Mwaka 2000 chanzo kikapatikana kwa familia nyingi: jeni ya PRKAR1A, ambayo ni ya ile RI-alfa niliyowaonyesha. R ikipungua, C inabaki bila wa kuishika. Mwaka 2014 makundi kadhaa yakakuta kosa pacha kwenye uvimbe wa tezi za adrenali unaomwaga kotisoli kupita kiasi, safari hii R ni nzima, iliyoharibika ni C, leusini ya 206 imegeuka arginini, na mahali hapo ndipo R inaposhikia. Kinasi inafanya kazi vizuri kabisa, imekataa tu kushikwa. Na mwaka huohuo 2014 ikaja habari ya saratani ya ini ya fibrolamela, inayowapata zaidi vijana wasio na ugonjwa mwingine wa ini, ambako kipande cha DNA kwenye kromosomu ya 19 kimekatika na kuiunganisha jeni ya C na mwanzo wa jeni nyingine, DNAJB1. Kwenye uvimbe 15 uliochunguzwa mara ya kwanza, muungano huo ulikuwemo kwenye yote 15. Nikikumbuka kwamba hawa ni watu wa umri wa wengi mliokaa humu, siwezi kulipitia jambo hili haraka haraka.

Mtu atauliza, si tutengeneze dawa ya kuiziba C tukamaliza? Tatizo C hiyohiyo ndo inayoongeza nguvu ya moyo ukipata adrenalini, ndo iko kwenye ini, kwenye figo, kwenye ubongo. Ukiiziba kila mahali unaumiza kila mahali. Ndo maana mimi nadhani akili zaidi iwekwe pembeni ya kinasi, kwa mfano zile protini za AKAP zinazoifunga PKA mahali maalumu ndani ya seli, au kwenye wavunjaji wa cAMP. Upande wa wavunjaji dawa zipo tayari, roflumilasti kwa ugonjwa sugu wa mapafu na apremilasti kwa soriasisi, zote zinaziba fosfodiesterasi ya familia ya nne. Hizi zinapandisha cAMP, kinyume na mnachohitaji kwenye Carney, ila zinaonyesha kwamba ukigusa upande wa kuzima mgonjwa anaweza kunufaika.

La mwisho ni kwa nyie mnaoingia maabara muhula huu. Kuna dawa inaitwa H89, mtaikuta kwenye friji, na makala nyingi sana zinaitumia kama kizuizi cha PKA. Tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba inaziba pia kinasi nyingine, mojawapo ni MSK1, na nimewaambia sasa hivi MSK inabandika wapi: serini 133 ileile. Kwa hiyo ukiweka H89 fosfeti kwenye CREB ikapotea, hujathibitisha kwamba ni PKA. Tumieni PKI, au zimeni jeni ya C yenyewe, alafu muone kama majibu yanakubaliana. Pimeni kwa muda pia, kabla ya dawa, robo saa, nusu saa, saa moja, saa mbili, saa nne, msichukue nukta moja mkaiita jibu, na kwenye sampuli moja wekeni kizuizi cha fosfatasi ili mjue kama fosfeti haikubandikwa kabisa au ilibandikwa ikavuliwa, maana hayo ni majibu mawili tofauti na kwenye karatasi yanatoka yanafanana. Na ile kingamwili ya kutambua serini 133 yenye fosfeti mara nyingi inamkamata na ndugu yake, ATF1, kwa kuwa mlolongo wao mahali hapo unafanana sana, kwa hiyo mkiona mistari miwili msikimbilie kusema CREB imekatika, wa juu karibu na kilodaltoni 43 ndo CREB, wa chini yake ni ATF1. Karibuni maswali.